Bakuli la Baba na Meli ya Chelezoni

Nikisikia harufu ya chuma kinachochomelewa, hata leo, njaa hunishika ghafla. Msinicheke, sababu ninayo.

Baba yangu alikuwa fundi wa mageti pale Kasulu. Nilipokuwa darasa la nne aliitwa Kigoma kuchomelea meli kuukuu, akatuahidi kwamba ikirudi majini naye atarudi nyumbani. Mama alifuata desturi ya kwao: aliye safarini hutengewa chakula. Kila jioni alijaza bakuli la baba ugali wa muhogo na maharage, akalifunika, na asubuhi kiporo kikawa changu.

Meli sikuwahi kuiona. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Tanga, alituchorea bandari uwanjani kwa jembe: hapa gati, meli zinapofungwa kamba na kupakia mizigo, kule chelezo, zinapoundwa na kutengenezwa. Kila mapumziko nilisimama chelezoni, nikifukuza mbuzi wasije wakamkanyaga baba.

Kisha jioni moja bakuli halikuwekwa. Kesho yake vilevile. Nikamwuliza mama, akasema maharage yamepungua, na gunia limejaa pale pale nyuma yake! Nilichukia. Nikamwambia mbele ya majirani, "Unamnyima baba chakula. Meli haijatoka chelezoni, wewe umeshamsahau!"

Hakunipiga. Jioni ile bakuli likarudi, akalifunika mwenyewe, nami nikajiona nimeshinda.

Miezi ikapita. Siku moja mwalimu akaniambia kasikia redioni kwamba meli imeshushwa majini. Nilikimbia hadi nyumbani nikipiga kelele. Mama alikuwa akimenya muhogo, wala hakuinuka.

"Njoo ule, mwana wanje," aliniita kwa Kiha, yaani mwanangu.

Sikula. Nilikaa kando ya barabara siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, nikikagua kila gari lililotoka Kigoma.

Shangazi ndiye aliyenieleza, nimeshakuwa mtu mzima. Siku ile bakuli lilipokosekana, mama alikuwa amepata habari kwamba baba ameoa Kigoma na harudi tena. Basi miezi yote iliyofuata alimpakulia mwanamume aliyemwacha, kila jioni, ili mimi nipate usingizi. Na kila asubuhi nilikomba bakuli lile mbele yake, nikasema, "Asante, baba."