Bunduki ya Upepo Chini ya Godoro

Kwa miaka thelathini na minne Zeinolla alikula kwa masikio yake. Kazi yake pale stesheni ya Ushtobe ilikuwa kutembea kando ya mabehewa, nyundo ya mpini mrefu mkononi, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kwa sauti ndefu, safi. Lenye ufa hulia fupi, kavu, hata kama kwa macho halina kasoro. Alipostaafu walimpa cheti na saa ya ukutani. Nyundo nayo ilimwachia zawadi yake: mikono ya kutetemeka, chai ikimwagika kabla haijafika mdomoni.

Na nyumba ilikuwa kimya, kimya cha kuudhi. Binti yao wa pekee, Saltanat, alikuwa ameolewa huko karibu na milima, mwendo wa saa sita kwa gari, na tangu siku ya harusi hajakanyaga kwao. Desturi iko wazi: bibi harusi akitimiza mwaka ukweni huja kwa wazazi, akae mwezi mzima, alale mpaka jua liwe utosini, mama amlishe kwa mkono. Mwaka ulitimia, ukapita, wa pili ukaingia. Kila wakipiga simu, mara ng'ombe wanazaa, mara mama mkwe mgongo umemkamata, mara ni msimu wa kukata nyasi. Kulyash, mke wa Zeinolla, alikuwa amemshonea binti godoro jipya la kukalia, la hariri nyekundu na sufu ya kondoo, akalilaza chini kabisa ya rundo la magodoro chumbani. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Jumapili moja ya masika Zeinolla alitumwa gulioni kununua mbegu za vitunguu. Akarudi na bunduki.

Ilikuwa bunduki ya upepo, ya kukunja mtutu ili kuingiza risasi, imelazwa juu ya turubai kati ya misumeno na viatu vya barafu. Aliyeiuza alikuwa Gennady, mzee aliyekuwa akiendesha kibanda cha shabaha katika bustani ya mji, kabla hawajakibomoa. Zeinolla aliitambua kwa mkwaruzo kitakoni. Kwa bunduki hii, enzi za ujana wake, alitaka kujionyesha mbele ya msichana fulani wa kiwanda cha sukari, akakosa bata wote watano wa bati. Msichana akaipokea, akaangusha wanne. Huyo ndiye Kulyash.

"Naijaribu," alisema Zeinolla, akiukunja mtutu.

"Usifyatue tupu!" Gennady alimpiga kofi mkononi. "Utaua springi, mzee mwenzangu. Weka risasi kwanza."

Alimpa kijirisasi kimoja, kidogo kuliko punje ya dengu. Zeinolla alilenga gunia la mchanga, lakini hakuangalia shabaha; aliinamisha sikio. Springi iliruka mara moja, haikukwaruza. Kizibo cha ngozi ndani hakikuvujisha pumzi. Ilikuwa nzima.

"Mikono yenyewe hiyo inatetemeka," Gennady alimtania, "utampiga nani?"

"Bata wako watano. Nawadai."

Lakini Zeinolla alikuwa ameona jambo ambalo hakumwambia. Pale alipobana kitako begani na kushusha pumzi, mikono ilitulia. Kwa muda wa pumzi moja tu, lakini ilitulia.

Kulyash aliuliza mbegu ziko wapi. Alipoiona bunduki akanuna nusu saa, kisha akatoka mwenyewe kupanga makopo ya maziwa juu ya ukuta wa banda. Tangu hapo kila alasiri walikuwa uani, watu wazima wawili na makopo yao, anayeshindwa anaosha vyombo. Zeinolla aliosha vyombo majira yote ya masika.

"Wewe si ulikuwa unagonga magurudumu?" mkewe alimcheka. "Basi karibia uligonge kopo kwa nyundo!"

Alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu harusi ya binti. Kwa hilo peke yake, alisema moyoni, bunduki imejilipa.

Mwezi wa sita simu ikalia. Ni Amantai, baba mkwe wa Saltanat. Wanakuja Jumamosi. Kulyash alimwaga machozi, akachinja kondoo akilini mwake papo hapo, akaanza kuhesabu vyakula: mtoto anakuja! Zeinolla naye alifurahi, ila akakumbuka mbwa wake wa kuwindia.

Maana kwetu mkwe akiomba kitu, hakataliwi. Tunaita kolka. Akisema mbele ya watu, "mkwe, nina ombi," basi hata akitaka farasi wako unayempenda, unamkabidhi hatamu na kutabasamu. Wengi huomba kwa aibu, mara moja katika maisha. Amantai aliomba kama anayechukua chumvi mezani. Siku ya harusi aliondoka na mbwa. Na ukimnyima, uso unaochafuka si wako. Ni wa binti yako aliye jikoni kwake.

Basi Ijumaa usiku Zeinolla aliifunga bunduki kwa shuka na kuisukuma mahali pasipoguswa na mtu: chini kabisa ya rundo, ndani ya mkunjo wa godoro jekundu la Saltanat. Hakumwambia mkewe. Alilala amejipongeza.

Wageni walishuka wawili: Amantai, na mkewe Zibagul. Kulyash alibaki ameshika mlango wa gari, akichungulia kiti cha nyuma.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Sasa naye akija, mkwe, nani akamue ng'ombe?" Zibagul alimkumbatia. "Tumempata kelini, mkamwana wa dhahabu, jamani! Anaamka kabla ya jogoo. Anawasalimu sana."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumjua Amantai. Kulyash alimeza machozi, akaingia chumbani. Wakwe hawakalishwi godoro kuukuu. Waone wenyewe binti huyu katoka nyumba gani. Kwa hasira na kwa heshima, vyote pamoja, alivuta lile la chini, jekundu, akalikung'uta mbele ya wageni.

Bunduki ikadondoka sakafuni.

Zeinolla alitamani ardhi ipasuke. Mahali salama kuliko pote ndani ya nyumba, na ndipo pa kwanza kufunuliwa akija mgeni wa heshima. Hata mtoto mdogo angemwambia.

"Ehee!" Amantai aliangua kicheko. "Mkwe unalala na silaha! Unamwogopa nani, huyu mama?" Aliiokota, akaifungua shuka, akaitazama huku na huku. "Kunguru kwangu wamenimalizia vifaranga. Mkwe, mimi nina ombi."

Zeinolla alimtazama mkewe. Mkewe alitazama dirishani, waliko makopo ukutani.

"Chukua, mkwe," alisema. "Iwe ya heri kwako." Na akatabasamu, kama inavyotakiwa.

Majira ya joto yakaisha hivyo. Makopo yakashika kutu. Vyombo aliviosha Kulyash, ingawa hakuna aliyemshinda. Hata vuli ilipofika akasema, "Mzee, na wewe si mkwe? Na wewe una ulimi. Nenda kwao, ukaombe."

Kweli. Kolka ina njia mbili. Ni Zeinolla tu aliyekuwa na haya. "Niombe bunduki?"

"Omba bunduki. Angalau hiyo watakupa."

Alikwenda na mfuko wa tufaha na skafu ya Zibagul. Njia nzima alirudia maneno kimoyomoyo. Nyumbani kwa Amantai bunduki ilikuwa ukutani, imetundikwa msumarini, mtutu umeanza kushika kutu. Walimkalisha mahali pa juu, pa mgeni wa heshima, wakamwekea kichwa cha kondoo. Kisha Saltanat akaingia na chai.

Aliinama kwa salamu, kitambaa kichwani, mikono imepasuka kwa baridi na maji ya zizi. Alimimina bila kuinua macho, akimpa kila mtu bakuli lake.

"Hujambo, mwanangu? Unaishije?"

"Vizuri, baba. Vizuri sana."

Sauti ilikuwa fupi, kavu. Miaka thelathini na minne Zeinolla alilipwa kuisikia sauti hiyo, na kila aliposikia aliinua bendera nyekundu na treni nzima ikasimama. Hapa hakuwa na bendera.

"Mkwe," alisema, akiweka bakuli chini, "na mimi nina ombi."

"Ongea!" Amantai alipiga goti lake. "Farasi? Ng'ombe? Sema tu."

"Naomba Saltanat aje kwetu mwezi mmoja. Mama yake anamngoja."

Kijiko kilitua mezani. Saltanat alisimama na birika, hakumimina wala hakuliweka chini. Zibagul akamtazama mumewe.

"Ah, mkwe," alisema Amantai, na safari hii alicheka taratibu. "Binadamu haombwi. Huyu si mbwa wa kuwindia! Atakuja, nani kamkataza? Theluji iyeyuke, ng'ombe wazae. Lakini wewe hutatoka kwangu mikono mitupu, sikubali." Akainuka, akaishusha bunduki ukutani na kumlazia mapajani. "Nilijua ndiyo inayokuuma. Haya! Nani kasema Amantai hatoi?"

Zeinolla aliishika bunduki. Akibishana, yeye atapanda gari aondoke, Saltanat atabaki.

"Ahsante, mkwe," alisema.

Ni Saltanat aliyeifunga bunduki kwa gunia na kuibeba mpaka garini. "Mwambie mama nitakuja," alisema, akarudi mbio. Ndama walikuwa wanalia.

Kulyash alikuwa langoni alipofika. Mezani alikuwa ameweka mabakuli matatu. Alitazama nyuma ya mumewe, kisha akatazama gunia.

"Niliomba," alisema Zeinolla. "Wallahi niliomba yeye, si bunduki."

Kesho yake alasiri mwenyewe alipanga kopo ukutani, akabana kitako begani, akashusha pumzi. Mikono ilitetemeka vilevile. Risasi ilikwenda kusikojulikana. Akampa mkewe bunduki, naye hakuipokea.

"Irudishe ulipoificha," alisema Kulyash. "Chini ya godoro lake. Siku akija, tutaiona."