Folda ya Wateja

Kwa kujitolea, mimi hurekebisha maktaba ya msingi ya lugha moja ya programu, yaani zile kazi ndogondogo ambazo kila mwandika programu huzikuta zimeshaandikwa. Wiki ile nilishika moja tu: kufuta folda na vyote vilivyomo. Ndani ya folda huweza kuwamo kiungo, mlango tu wa kwendea folda nyingine. Kwenye mfumo wa kompyuta yangu, kazi ile iliuondoa mlango ikaishia hapo. Kwenye mfumo mwingine, watu walilalamika kwamba inaingia mlangoni na kufuta hata vya upande wa pili. Kwa nini? Swali lile lilininyima hata hamu ya kula.

Marekebisho nilikuwa nayo, mashine yenye mfumo ule wa kuyajaribia sikuwa nayo. Mzee wa steshenari sokoni Mugumu alikuwa nayo. Nikampa shikamoo, akanipisha kitini, akaenda kunywa chai. Nilipaswa kutengeneza folda bandia ya majaribio. Nikaona uvivu, kiungo nikakielekeza kwenye folda ya wateja wake, maana nilijiamini kupita kiasi. Nikabonyeza. Folda ikabaki tupu.

Aibu ilichelewa kunifika. Kwanza niliisoma tena programu, nikaona: mfumo ule una aina mbili za viungo, nami nilikuwa nimekagua moja tu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Mistari miwili ilitosha kurekebisha, na nilikuwa naiandika alipoingia mama mmoja kutoka Ringwani kuchukua wasifu wa marehemu.

Nikamwambia ukweli, kwamba nimeufuta na haurudi tena.

“Mura, maziko ni saa nane!” alifoka. “Nirudi na nini, na mikono?” Tusi la Kikurya lililofuata nililistahili.

Nikamwomba akae anisimulie, niandike upya. Akasimulia kwa hasira: bibi huyo marehemu alizaliwa wapi, alivyolima mtama, alivyokosa kujaliwa mtoto, alivyotoa ng'ombe akaoa mke ili mji wake upate warithi. Huku kwetu hiyo ni nyumba ntobhu, si ajabu. Nilichotaka kujua kilikuwa kingine.

“Ameacha nani?” niliuliza.

“Andika ameacha mke na watoto watatu.”

“Ule wa kwanza ulisema hivyo?”

“Ule waliandika wapwa wa marehemu.” Sasa hakuwa akifoka. “Waliandika ameacha mfanyakazi wa ndani. Mke ni mimi. Toa nakala nyingi.”