Vyungu vya Kuchezea vya Galih

Mara ya kwanza ni mama mkwe aliyevitupa, akisema vimevunjika. Havikuwa vimevunjika. Mkaza mwana wake, Sriyatun, alivikuta kwenye mtaro nyuma ya nyumba: jiko la udongo la ukubwa wa ngumi, karai lake, sufuria mbili na jiwe dogo la kusagia pilipili. Akaviosha, akavirudisha kibarazani bila kusema neno. Kwetu mkaza mwana hamjibu mama mkwe, hata anapomwona wazi akidanganya.

Vilikuwa vya Galih, mwanawe wa kiume wa miaka mitano. Kila mchana mtoto huyo aliwasha moto wa kusingizia, akakaanga mchanga, akawaita akina mama waliopita njiani: "Wali wa kukaanga! Pilipili nyingi au kidogo, Bu?" Mteja wake mkuu alikuwa Retno, binti wa jirani, ambaye alilipa kwa majani ya mpera na kulalamika kwamba chakula kina chumvi.

Wala hakuna aliyehitaji kuuliza mtoto ameutoa wapi mchezo huo. Kuswanto, baba yake, ni muuza wali wa kukaanga. Kila jioni husukuma mkokoteni wake katika vichochoro vya kitongoji chetu, na nusu ya mji wetu wa Muntilan imekula kwenye karai lake. Lakini Kuswanto alipomtazama mwanawe hakujiona. Aliona vyungu ambavyo sokoni hununuliwa kwa ajili ya wasichana.

Mambo yaliharibika siku Tarjo, muuza supu, alipompigia kelele njiani, watu wakisikia: "Kus! Yule binti yako mpishi, nije kuposa lini?"

Kuswanto aliingia nyumbani uso umemvimba. "Vile vitu viondoke leo, Dik," alimwambia mkewe.

"Mas, wewe mwenyewe unashika karai kila siku," Sriyatun akamjibu mumewe. "Umeota matiti?"

"Mimi nafanya kazi. Yeye anacheza. Kazi ni kazi tu. Mchezo ndio unaomjenga mtu."

"Basi uache umjenge awe mpishi."

"Mpishi gani? Huyo akiona mende analia!"

"Ana miaka mitano. Na wewe ukiona mjusi unapanda kitandani."

Kutoka jikoni Mbah Karsi, mama mkwe, aliangua kicheko, kisha akakumbuka yuko upande gani akaanza kukohoa.

Kesho yake Kuswanto alimletea mtoto bunduki ya plastiki na lori jekundu. Galih alifurahi kweli. Alilijaza lori majani, akaliendesha hadi kwenye jiko lake, akatangaza kwamba vitunguu vimefika. Ndipo baba yake alipokusanya vyungu vyote na kuvipitisha juu ya ua. "Retno, hivi ni vyako sasa. Galih asiviguse, umesikia?"

Retno alipomwita kucheza, Galih alikuwa amekaa kibarazani na bunduki mapajani. "Sitaki," alisema. "Nina bunduki." Alikaa hivyo mpaka adhuhuri, hajampiga mtu hata mmoja.

Sriyatun alimtazama mpaka subira ikamwisha. Ni yeye ambaye kila mchana humenya vitunguu vya biashara, husaga viungo, hukata kuku na kuutandaza wali upoe. Siku ile aliweka kapu la vitunguu miguuni mwa mumewe, akaketi pembeni.

"Nini hiki?"

"Mambo ya kike, Mas. Angalia watu wasikuone."

Kuswanto alijua amenaswa, lakini hakuwa mtu wa kukubali. Alivuta kigoda, akaanza kumenya na kukata huku machozi yakimtiririka. Baada ya muda Galih akasogea.

"Baba, unavikata vinene."

"Vinene wapi?"

"Mama anakata hivi." Akamwonyesha kwa kidole.

Baba yake akacheka, akampa kisu. Mtoto akakata kimoja polepole, ulimi nje, na kikatoka chembamba kama karatasi. "Dik!" Kuswanto akaita kwa furaha. "Njoo umwone mwanamume huyu!"

Sriyatun aliinuka akasogea, akaona, na hasira yake ikapanda badala ya kushuka. "Yaani kisu cha kweli mkononi mwa mtoto ni uanaume, chungu cha udongo ni aibu?"

"Hapa anajifunza kazi."

"Sitaki ajifunze kazi. Nataka acheze!"

"Mtoto ametulia, mume ametulia," Mbah Karsi akaingilia. "Wewe unataka nini tena, Nduk, binti yangu?"

Angewezaje kueleza? Alikuwa na jibu jepesi, kwamba mtoto alikuwa anamwiga baba yake. Lakini jibu hilo nalo lilimkera. Je, kama angekuwa anamwiga mama yake, ingekuwa kosa?

Tangu siku hiyo Galih alimenya vitunguu saumu kila mchana. Siku za mwanzo alijivuna. Baadaye alianza kuuliza kama vimekwisha, na kila alipotaka kuinuka baba yake alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba mwanamume haachi kazi katikati. Alipoachiliwa, Retno alikuwa ameshaitwa kwenda kuoga.

Siku ya soko Sriyatun alinunua vyungu vingine. Hakuvificha. Alivipanga kibarazani mbele ya nyumba, mahali ambapo hata Tarjo angeviona, akamwita mwanawe.

Galih alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Vya Retno?"

"Vyako."

Akageuka kuutazama mlango. "Baba yupo?"

"Yupo, amelala."

"Basi baadaye," mtoto akanong'ona. "Baba akishaondoka."

Sriyatun alihisi kama amepigwa kofi. Kwa wiki zote hizo alikuwa akigombana na watu wazima wawili, na walipokuwa wakibishana mtoto alikuwa ameshajifunza somo lake.

"Hakuna baadaye," alisema kwa sauti ya kumfikia aliyelala. "Kaa hapa. Mimi nipo."

Galih alikaa kwa sababu mama yake amesema. Alichukua sufuria moja, akatia mchanga kidogo. Lakini alikuwa amekaa akiuelekea mlango, na mkono wake mmoja ulishika upindo wa shati, tayari kuifunika sufuria.