Shampiona Iliyokatazwa Kwisha

Papa wa rafiki yangu alinifukuza katika saloni yao juu ya sala. Alikuwa mutu wa kubariki chakula kwa urefu. Anaanza na ugali, anapitia wagonjwa wa hospitali zote, anafika kwa wakubwa wa nchi, na akisema amina, samaki sambaza zimekwisha kupoa na zinatuangalia kwa huruma. Siku moja nilimuiga, mikono juu, mbele ya sahani ya mandazi. Nilipofika kwa wakubwa wa nchi nikaona rafiki yangu hacheki tena. Muzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Weye mutoto," akasema polepole, "kuanzia leo, mupira wa hapa utausikilia kwenu."

Mupira wenyewe ulikuwa wa konsoli, ile mashine ya michezo iliyokaa chini ya televizyo yao. Nikashuka kwetu kama kipa aliyefungwa kati ya miguu. Kwetu si mbali. Huku Kasha, mutaa wetu, nyumba zimepangwa kwenye mutelemuko kama sahani chafu, moja juu ya nyingine, na ukuta wao wa nyuma unaishia kwenye dirisha la chumba changu. Rafiki yangu akanifuata.

"Papa amesema utausikilia kwenu," akaniambia. "Hakusema hautaucheza."

Ndipo akaingia katika ordinateri ya papa yangu, ile kompyuta nzee aliyopewa na ofisi yao siku ilipofunga mulango badala ya kumulipa, na akaweka ndani programu inayovuta picha ya konsoli kupitia rutere, kisanduku chao cha mtandao. Hata mega za internet hazihitajiki. Inatosha rutere yao iwake na dirisha langu liwe wazi. Nikachomeka maneti, kile kishikio chenye vibonyezo, kwenye ordinateri, na televizyo yao yote ikaja kukaa kwenye meza yangu. Konsoli iko kwao, mechi iko kwao, umeme wanalipa wao. Miye ninaleta vidole tu.

Picha ilikuwa inachelewa kidogo kushuka. Ninapiga mupira, na kabla mupira haujafika golini, ninamusikia rafiki yangu juu ya ukuta akipiga kelele, "Umekosa, bwege!" Ninasikia kwanza aibu yangu, kisha ninaiona. Muzee hakujua kamwe kwamba mutoto aliyemufukuza anaingia saloni kwake kila siku akitoka masomo, bila kuvua viatu.

Halafu presha ikamuangusha muzee. Asubuhi alikwenda kazini, na mbele ya mangaribi tukaanza kupanga viti vya matanga katika kiwanja chao. Niliingia saloni kwa mulango, kwa mara ya kwanza tangu ile sala, nikakaa chini kati ya watu. Hakuna aliyenifukuza. Ningefurahi sana kama mutu angenifukuza.

Kaka mudogo wa marehemu akafika kutoka upande wa Katana na matela, godoro lake, kichwani. "Nimekuja kulinda nyumba," akasema. Kwa jamaa yao, kitu cha marehemu hakiguswi mupaka siku ya kuondoa matanga, na huyo baba mudogo alishika sheria hiyo kuliko amri za Mungu. Akafunika televizyo kwa kitenge. Akakataza watu kusogeza hata kiti. Kwa hiyo hakuna aliyechomoa waya wowote, na rutere ikaendelea kuwaka taa zake za kijani, kwa sababu baba mudogo aliamini ni kitu cha kuhesabia umeme.

Mujane na mutoto wake, lakini, hao walisogezwa. "Muende Luberizi kwa wazazi wako, mukapumzike," baba mudogo akamuambia shemeji yake. "Tukipanga kuondoa matanga tutawaita, murudi kwenu."

Siku ya kuondoka, rafiki yangu alikuja dirishani na mufuko mugongoni.

"Unilindie shampiona yangu."

Katika ligi ya ile konsoli alikuwa na timu aliyoijenga tangu chini kabisa, katika divizyo ambayo wachezaji wanakimbia kama wamebeba magunia. Sasa ilikuwa ya pili, mechi chache tu mbele ya kombe.

"Niilinde namna gani? Nilale nayo?"

"Uifungue. Ufanye mazoezi, ucheze mechi za kirafiki. Lakini zile za shampiona usiziguse. Isiishe. Ninarudi kuimaliza miye mwenyewe."

"Na ukikawia?"

"Nikawie wapi? Kule kuna mupunga na mbu. Mbele ya likizo niko hapa."

Basi nikawa mulinzi wa pili wa ile nyumba, bila matela. Kila siku yenye umeme ninarudi kutoka masomo, ninafungua ordinateri, ninaamusha konsoli nikiwa kitandani kwangu, chini ya kitenge televizyo ikiwa imezimwa, na ninafanyisha mazoezi timu ambayo haiendi popote. Mutu akichoka na mazoezi anakuwa mujinga. Nilimuweka kipa mbele, nikamuweka mufungaji bora langoni. Katika mechi moja ya kirafiki tulifungwa mupaka mutangazaji akanyamaza.

Rafiki yangu alikuwa ananiita kwa simu akipanda juu ya kituta cha mufereji wa maji, kwa sababu huko chini rezo ya simu haifiki. Kazi yake ilikuwa kufukuza ndege katika mupunga wa babu yake.

"Kwa hiyo umekuwa kocha wa ndege," nikamuambia.

"Hawa wananisikia kuliko weye. Timu iko wa ngapi?"

"Wa pili, kama ulivyoiacha. Kipa wako amefunga magoli mawili."

"Kipa?!"

"Alikuwa na huzuni, nikamupa nafasi."

Akacheka mupaka ndege wakarudi kula. Kisha akauliza swali lake la kila mara, "Inawaka?" na miye nikajibu, "Inawaka."

Mama yake alikuwa anamuambia kurudi ni mwezi ujao. Mwezi ukifika, unakuwa mwezi ujao tena. Barabara ya uwandani, ya kutoka Luberizi, nayo ilikuwa na akili zake, leo imefunguka, kesho watu wanarudishwa.

Jumamosi moja tukaona kreti za bia zinapanda kwa jirani, viti vya plastiki, na mbuzi anayetembea kwa miguu yake mwenyewe kwenda kuliwa. Waliondoa matanga. Mama yangu alivaa kitambaa chake kizuri akapanda, na akarudi upesi bila kula. Mama yangu kurudi kutoka karamu bila kula, hiyo ni vita.

"Nimemuuliza huyo baba mudogo, mujane iko wapi?" akasema akifungua kitambaa. "Ananijibu, barabara ni mubaya, mama, tumewaambia wabaki. Barabara ni mubaya! Mbuzi yeye ametoka Katana kwa barabara gani?"

Kesho yake rafiki yangu akaniita. Sikuwa na namna ya kulizunguka neno.

"Waliondoa matanga."

"Nani?"

"Baba mudogo wako. Jana."

"Walituambia ni mwezi ujao."

"Walikula mbuzi."

Nilisikia upepo katika simu yake, na mutu mwingine mbali akipiga debe kufukuza ndege.

"Konsoli inawaka?" akauliza.

"Inawaka."

"Basi. Kama inawaka, bado ni kwetu."

Huyu ndiye mutu aliyekuwa ananipa majibu ya hesabu. Nikamuacha na hesabu yake.

Mbele ya wiki kwisha walikuja wapagazi na vitanda mugongoni, vitanda visivyo vya pale. Nikawahi ordinateri hata kabla ya kuvua inifomu. Nilipofungua, picha ilikuwa tayari inatembea. Mutu alikuwa anacheza na timu ya rafiki yangu. Anacheza vibaya sana, anapiga mashuti kutoka katikati ya kiwanja, lakini kwa bahati alikuwa katika mechi ya kirafiki.

Kwa konsoli, maneti yangu ni maneti kama nyingine. Nilibonyeza, na mufungaji wake akageuka, akakimbia na mupira kuelekea kwa kipa wetu wenyewe, akamupita, akafunga. Juu ya ukuta nikasikia sauti ya kasichana.

"Mama! Mama, kuya uone! Hii mashine inacheza yenyewe!"

"Ni weye huijui kucheza," mama yake akajibu kutoka jikoni.

"Ninaapa, mama! Anafunga kwetu!"

Siku zile nilicheka mupaka papa yangu akauliza kama masomoni wanatufundisha ujinga. Akipiga pasi, ninairudisha. Akichagua jezi nyeupe, ninachagua nyekundu. Mwishowe mama yake akaita wamama wenzake wa sala, wakaimba, wakaomba, na nikasikia mumoja anasema walete maji ya baraka. Hapo nami niliomba, kwa moyo wangu wote, maji yasifike kwenye chaji ya konsoli.

Kasichana hakakukata tamaa. Alasiri moja nikaona anaacha mupira, anaingia mahali pa kupanga konsoli, anatafuta polepole kama mutu anayesoma kwa kidole, mupaka akafika kwenye profili ya rafiki yangu, ile yenye timu yake. Picha ikauliza: kufuta profili hii na vyote vilivyomo? Ndiyo. Hapana.

Akasogea kwenye Ndiyo. Nikamurudisha kwenye Hapana. Akasogea tena. Nikamurudisha. Tukaenda hivyo, Ndiyo, Hapana, Ndiyo, Hapana, mupaka akaacha. Halafu nikamusikia anasema, si kwa mama yake, kwa mashine.

"Papa mwenye nyumba, usikasirike. Wametuambia ulikufa. Si sisi tuliwafukuza watoto wako, na sisi tulifukuzwa kwetu. Yule tonton, ndugu yako, alituambia hapa hakuna mutu anarudi. Papa alimupa feza yote. Hatuna pengine."

Miye ni mutu wa kupata neno kwa kila kitu. Prof wa kifaransa anasema siku ya mazishi yangu nitajibu padiri. Pale niliachia maneti. Nikazima ordinateri nikakaa naiangalia ikiwa nyeusi.

Jumapili simu ikalia.

"Inawaka?"

"Inawaka. Lakini kuna mutu anaicheza."

"Nani?"

"Mutoto wa lokateri, wale waliopanga nyumba yenu. Anataka kufuta profili yako, na anacheza kama ameshika maneti kwa meno."

Hakucheka. "Waliingiza vitanda?"

"Waliingiza."

"Kitanda cha mama kiko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. "Nyuma ya jikoni, nje. Walikisimamisha ukutani."

"Mvua inakipiga?"

"Inakipiga."

"Mama amekodi kipande cha mupunga hapa. Miye wameniandikisha kwenye masomo ya hapa tangu mwanzo wa mwezi."

"Tangu mwanzo wa mwezi? Na hukusema?"

"Nilijua tangu siku ya mbuzi. Mama pia alijua."

"Kumbe! Na miye hapa kila siku ninafanyisha watu mazoezi kama mujinga!"

"Nilikuwa ninapenda kusikia habari za kipa."

Mega hazikatwi na kunyamaza, lakini unite za simu zinakatwa, na ni yeye aliyekuwa analipa.

"Sikia," nikamuambia, "zimebaki mechi chache. Nikikaza, ninakuchukulia kombe. Nakuapia. Nitamurudisha kipa langoni. Kisha hapo ndiyo afute."

"Kombe niliweke wapi?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mutu aliyeangalia nyumba nzima akakosa meza.

"Muache mutoto afute," akasema. "Unisalimie mama yako." Kisha nikasikia ndege, kisha simu ikakatika.

Kesho yake nilikaa mbele ya ordinateri na mikono chini ya mapaja. Kasichana kakafika, kakapita moja kwa moja mupaka kwenye lile swali. Kakasogea kwenye Ndiyo. Kakangoja nimurudishe. Sikumurudisha.

"Papa?" akasema. "Umekubali?"

Hakubonyeza. Niliona ile alama ya Ndiyo inatulia, na nikamusikia anahema. Akasogea mwenyewe kwenye Hapana, akarudi kwenye Ndiyo, akangoja tena. Aliogopa kabisa. Mama yake akamuita aende kuchota maji, akajibu ninakuja, na hakutoka. Angekaa pale mupaka umeme ukatike, na kesho, na kesho nyingine, kila siku akiomba ruhusa kwa mutu aliyekufa, na miye kila siku nikiangalia timu iliyo ya pili milele.

Nikatoa mikono. Nikashika maneti, nikabonyeza miye.

Timu ikaondoka na majina yake yote, hata kipa. Na kwa kuwa ile programu ilikuwa imeunganishwa na profili ya rafiki yangu, picha kwangu ikakatika palepale, na ordinateri ikaniandikia kwamba haioni konsoli yoyote karibu. Nikaiambia itafute tena. Ikatafuta, ikaandika vilevile.

Juu ya ukuta kasichana kalikuwa kanamuita mama yake aache habari ya maji, aje aone, mashine imepona.