Mchanga na Mimi

Kila nikipita wanapopaka ngalawa sifa, yale mafuta ya papa, pua hunirudisha kwenye ngalawa ya kaka yangu. Yalikuwa mashindano mbele ya boma, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, amekaa kivulini na wageni wake, na kusi lilikuja kwa vishindo. Kaka alinikalisha juu ya mrengu, lile gogo la ubavuni, pamoja na makanda ya mchanga, ili upepo usitupindue. Chumvi ilinichoma macho, nami nilicheka tu. Tulikuwa mbele ya wote.

Tulipogeuka kurudi, upepo ukalegea. Kaka akamwaga mchanga wote baharini, lakini ngalawa ya nyuma ilizidi kutukaribia. Akanitazama.

"Ruka, mdogo wangu. Nakuja kukuchukua sasa hivi."

Nikaruka. Waliokuja kunichukua ni wavuvi nisiowajua, nikiwa nimeshakunywa maji.

Ufukweni nilimkuta kaka amebebwa mabegani, kilemba cha ushindi kichwani. Mama akaniuliza, huku akinifunika kanga, kwa nini niliruka. Kabla sijafungua kinywa, kaka akajibu kutoka kule juu.

"Usimgombeze, mama. Mtoto wa kike, aliogopa upepo."