Mtoto wa Tano kwenye Orodha ya Meli

Kazi yangu asubuhi ile, kama asubuhi zote, ilikuwa kumvalisha bibi mmoja soksi za kubana. Ni soksi wanazovaa wazee wenye miguu ya kuvimba, na kuzipandisha hadi gotini kunataka nguvu za mtu aliyekula. Mimi sikuwa nimekula. Nilitoka Södertälje, kusini mwa Stockholm, na treni ya mapema, nikasinzia mdomo wazi hadi Flemingsberg, na kabla ya kufika kwake nilikuwa nimeshahudumia wazee wawili. Kwake nilipangiwa dakika arobaini: soksi, uji, vidonge, kitanda. Uji ukiwa mzito alilalamika, ukiwa mwepesi aliuliza kama ni supu.

Makaratasi yalikuwa mezani, kwenye kochi, juu ya friji, na mara moja niliyakuta kitandani chini ya mto. Bibi hakuwa Mswidi. Alizaliwa Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, ndoa ikamleta Stockholm, mume akafa, akabaki na Kiswidi chenye lafudhi ya kwao kama mimi na changu. Wenzangu kazini walimwita kwa jina lake la kwanza, maana Waswidi huitana hivyo wote, mkubwa na mdogo. Mimi ulimi ulikataa. Nilimwita tant, yaani shangazi, neno ambalo vijana wa huku walishaliacha, na yeye alilipenda ingawa alijifanya kulidharau.

Alikuwa anatafuta ukoo wake. Ndugu mmoja wa babu wa babu yake alihamia Amerika katikati ya karne ya kumi na tisa, pamoja na mke, watoto na majirani kadhaa wa kanisa lao. Walikuwa Wamenoniti. Alinieleza walivyo: hawabatizi watoto wachanga, hawashiki silaha, hawaapi hata mbele ya hakimu, kwa sababu ndiyo yao ni ndiyo na hapana yao ni hapana. Serikali ilipotaka vijana wao jeshini, wakauza ng'ombe wakapanda meli kwenda Indiana. Nilimsikiliza nimepiga magoti, navuta soksi. Nikamwambia hata mimi nilibatizwa nikiwa na miaka kumi na minne, ziwani pale Uvira, Kongo, na kwamba kwetu pia waliokataa bunduki ndio waliokimbia. Tangu siku ile akawa ananiwekea kikombe cha kahawa, ingawa ratiba haikunipa muda wa kukinywa.

Kilichomsumbua ni mtoto mmoja. Orodha ya abiria wa meli ilikuwa na baba, mama na watoto watano. Daftari la vizazi la kule kwao lilikuwa na wanne. Huyo wa tano, msichana wa miaka sita, hakuonekana kuzaliwa na wazazi wale. Kwa miaka mitatu bibi alikuwa ameandika barua huku na huku bila mafanikio. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa ya ukoo wote. Watoto wanne walikuwa kwa wino, na wa tano kwa penseli, pembeni, na alama ya kuuliza.

"Huyu mama alikuwa na dada?" nilimuuliza siku moja nikikoroga uji.

"Alikuwa naye. Alikufa kijana. Kwa nini?"

"Basi ni mtoto wa dada."

Nilisema tu bila kufikiri. Kwetu hilo si fumbo. Dada akifa, watoto wake wananiita mama, nami nawaita wanangu, na mtu akianza kuchunguza nani alimzaa nani tunajua ana lake jambo. Bibi aliacha uji ukapoa. Wiki chache baadaye jibu likaja kutoka Uholanzi: yule dada alikuwa amezaa msichana bila mume, umri unalingana, na baada ya kifo cha mama yake mtoto hakuonekana tena katika daftari lolote la kule.

Nilidhani atafurahi. Akaikunja barua polepole.

"Kwa hiyo walidanganya," alisema. "Watu wasioapa. Walisimama mbele ya karani bandarini wakasema huyu ni wetu, nao wanajua si wao."

Neno lile lilinichoma. Nilifunga mfuko wa takataka, nikaaga, nikateremka ngazi kwa hasira. Sikumwambia kwa nini.

Dada yangu alikufa akaniachia msichana wa miezi minane. Nilimlisha, nikamfundisha kutembea, nikavuka naye ziwa mgongoni hadi kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma. Alipofika miaka saba, mama yangu, ambaye alikuwa amerudi Uvira, aliomba akae naye kidogo, nami nikamruhusu. Katika miezi hiyohiyo tukaitwa majina: Uswidi. Walioandikwa ni waliokuwepo siku ile. Watu wakaniambia usijali, ukifika utaomba na wengine wakufuate. Nikaondoka. Mama akafa, mtoto akarudi kambini kwa jirani yangu wa zamani, na mimi nilikuwa nimeshafika kwenye theluji.

Niliomba. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kueleza uhusiano, nikaandika: mtoto wangu. Sikufikiri mara mbili. Walipotaka kipimo cha DNA ndiyo kwanza nikafurahi, maana nilidhani damu ya dada yangu ni damu yangu na kipimo kitaiona. Mpaka leo naona aibu kwa ile furaha.

Majibu yalinikuta siku zilezile za orodha ya meli. Barua ilikuwa kurasa tano za Kiswidi kigumu, nikaenda nayo kwa bibi kwa sababu sikuwa na mwingine wa kunisomea. Alisoma kwa kioo cha kukuzia. Akarudia.

"Wanasema wewe si mama yake," alisema. "Wanasema umetoa maelezo yasiyo ya kweli."

"Ni mtoto wa dada."

Aliangalia ukutani, kwenye ile penseli. Nilitaka aseme kitu, chochote. Akasema "jaha", kama wasemavyo Waswidi wanapopokea habari wasiyojua waiweke wapi, akaninyooshea mguu nimvalishe soksi. Nikamvalisha. Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka asubuhi ile, na bado nilikuwa na wazee sita mbele yangu.

Lakini kesho yake nilimkuta ameshavaa, amekaa na kalamu. Aliniandikia rufaa kwa mkono wake, na kwa wiki mbili tulikula dakika zangu zote tukiirekebisha, kitanda kikabaki hakijatandikwa. Rufaa ikakataliwa. Akaandika nyingine, nayo ikakataliwa. Msichana alikuwa na miaka kumi na miwili.

Baada ya hapo hatukuzungumzia tena habari hiyo, hadi siku alipopata bahasha kutoka Indiana. Ndani yake mlikuwa na nakala ya cheti cha ndoa cha yule mtoto wa tano, sasa mwanamke mzima. Mahali pa jina la mama alikuwa amemtaja yule aliyepanda naye meli. Bibi alinishika kifundo cha mkono.

"Unaona? Wamemuuliza mwenyewe, na amemtaja aliyemlea."

Akafuta penseli, akamwandika kwa wino chini ya wale wanne. Nililia mbele yake, jambo ambalo kazini kwetu halikubaliki. Karatasi ile ilinipa nguvu kwa muda mrefu. Kwenye treni nilijiambia, sawa, mimi wamenikatalia, lakini mtoto anajua, na siku moja wangu naye ataulizwa.

Bibi alifariki kwenye majira ya baridi yaliyofuata. Ndugu za mumewe walikuja na masanduku. Sijui makaratasi yale yalikwenda wapi. Mimi nikapangiwa mzee mwingine na soksi nyingine.

Miaka ikapita. Kisha jirani yangu wa kambini akanipigia: jina lao limetoka, wanaenda Amerika.

"Ule mutoto, tumuandike ya kwetu?" aliniuliza. "Tukimuacha hapa atabakia na nani?"

"Mumuandike," nilisema, haraka, kabla moyo haujapata nafasi ya kukataa. Huko hawakuulizwa damu. Akawa binti yao, na jina lao, na tarehe ya kuzaliwa waliyomchagulia, na wakapelekwa Iowa.

Sasa ana miaka kumi na minane na amepata kazi. Jumapili moja alinipigia nikiwa nasubiri treni Flemingsberg, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama, ku kazi bamenipa fomu. Banauliza jina ya mama."

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu bahasha ya Indiana.

"Niliandika ya ule mama ya ku makaratasi," alisema. "Juu dossier iko vile. Usikasirike."

Nikamkumbuka mtoto wa tano na cheti chake, na jinsi mimi na bibi tulivyokifurahia. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kule Frisia hakubaki mwanamke mwingine, aliyemlea kabla ya meli, aliyekuwa akimngoja. Nilitaka kumwuliza bibi.

"Umefanya vizuri," nilimwambia binti yangu. "Uandike vile vile kila mahali. Usichanganye."