Lebo Ndani ya Mkoba wa Baba

Harufu ya jinzi mpya, ile ya rangi ya bluu ambayo haijaonja maji, hunirudisha Guangzhou nikiwa na miaka tisa, nikimshuku baba yangu mzazi.

Baba alikuwa wakala. Aliwanunulia wafanyabiashara wa Dar suruali kutoka karakana za Xintang, mji wa washonaji jinzi kando ya Guangzhou. Jumapili aliongoza ibada yetu sisi Waafrika Mashariki, sauti yake ikitetemesha viti vya plastiki. Lakini rafiki yangu Neema alikuwa amenidokezea msemo wa mama yake: "Mlokole mpime Jumatatu." Basi nikaanza kumpima.

Likizo moja alinichukua hadi Xintang. Mwenye karakana, mama wa Kichina tuliyemwita Laoban, yaani bosi, alimnong'oneza jambo, akamkabidhi furushi. Baba akatazama huku na huku, akalisukumia chini kabisa ya mkoba. Kwenye basi usingizi ulipomchukua, nikachungulia. Lebo! Lebo za kampuni kubwa, za kushonwa kwenye suruali ambazo kampuni hiyo haikuzijua hata kidogo.

Jamani, niwafiche nini? Nilijiona nimekaa na baba wa mtu mwingine. Tangu siku ile nilimvizia kama paka. Mama alipomwuliza mbona hali chakula, alisingizia tumbo. Simu ya Mjomba Festo, mteja wake mkubwa wa Dar, ikilia, alitoka nayo roshani na kufunga mlango. Jumapili alisimama kuomba, akafumba macho kimya muda mrefu mno, hata watoto wakaanza kucheka. Alipomaliza wote wakaitikia, "Amina." Mimi nilifunga mdomo.

Kesho yake nikang'ang'ania kufuatana naye Xintang. Alitoa furushi, akaliweka mezani mbele ya Laoban.

"Bu yao," akasema. Hatutaki. Kisha akampigia Mjomba Festo palepale, sauti ya simu ikisikika kwetu sote.

"Festo, zile lebo ulizomtumia Laoban, akanipa mimi niziidhinishe, hazitashonwa."

"Kaka, kila mtu anafanya! Kanisani ni kanisani, biashara ni biashara."

"Mimi ni yuleyule, Festo. Siwezi kukuombea Jumapili, halafu Jumatatu nikusaidie kudanganya watu."

Simu ikakatwa. Oda ikaenda kwa wakala mwingine, nasi tukahamia chumba kidogo ambamo mama alipikia karibu na mlango. Wala hakumsifu. "Huo uaminifu wako tunaula na mboga gani?" alimwuliza, huku akimwekea ugali.

Kwa miaka mingi niliamini baba alizichukua zile lebo ili zisishonwe. Mwaka jana nikamwuliza. Akacheka kidogo.

"Mwanangu, ningekuwa nimeshaamua kukataa, ningezibeba za nini? Hata pale nilipofumba macho nilikuwa nikimbembeleza Mungu anikubalie zishonwe."

Kumbe sikukosea kumshuku. Nilichokuwa sikijui ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akijishuku, mchana na usiku, na kwamba imani yake ilikuwa kazini ndani ya shaka hiyo hiyo.